Mkono Usiotii Si Mkono Mvivu

Asubuhi katika nyumba nyingi za mjini ni saa ya mbio. Baba anawahi zamu kiwandani, mama anawahi ofisini au gengeni, na watoto wanawahi kengele ya shule. Katikati ya pilikapilika hizo, katika baadhi ya nyumba, huwako mtoto mmoja ambaye bado anahangaika na shati lake. Vifungo vimepishana, kiatu cha kulia kimo katika mguu wa kushoto, na uso wake hauonyeshi dalili yoyote ya haraka. Mmoja husema, "Huyu mtoto ni mvivu." Mwingine hujibu, "Si mvivu, ni jeuri. Mbona jana alivaa mwenyewe?"

Swali hilo la mwisho ndilo ninaloomba tulitazame leo kwa makini, maana limewaponza watoto wengi, na hata watu wazima, wasiokuwa na hatia ya uvivu wala ya jeuri. Baadhi yao ni watu wenye usonji, na taabu yao imo katika jambo ambalo sisi wengine hatulifikirii kamwe, nalo ni kuuamuru mwili ufanye kazi ndogo ndogo za kila siku, nao ukatii.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, si laana, wala hautokani na malezi mabaya. Ni tofauti katika jinsi ubongo unavyokua na kufanya kazi, nayo huanza mapema sana katika maisha ya mtu na kuendelea naye hadi uzeeni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila watu 127 ulimwenguni alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, yaelekea kwamba katika shule kubwa ya msingi, katika kiwanda, hata katika mtaa wako, wamo watu wa namna hiyo, wengine wakijulikana na wengine wasijulikane.

Tusikiapo neno usonji, wengi wetu humfikiria mtoto asiyesema, au asiyependa kutazamana na watu machoni, au anayerudia jambo lile lile kutwa nzima. Ni nadra kuifikiria mikono yake na miguu yake. Nayo ndiyo, mara nyingi, inayomletea adhabu.

LIMEJULIKANA KARNE NZIMA

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1925 daktari mmoja wa magonjwa ya akili katika mji wa Moscow, Bibi Grunya Sukhareva, aliandika habari za wavulana 6 ambao leo tungesema wana usonji. Pamoja na tabia zao nyingine, aliona kwamba hawakuwa wepesi wa viungo na kwamba miendo yao ilikuwa ya kushtukiza na isiyo na mpangilio. Miaka 18 baadaye, yaani mwaka 1943, Dakta Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, alichapisha makala kuhusu watoto 11, makala ambayo ndiyo iliyoufanya usonji utambulike duniani. Yeye naye aliona kwamba kadhaa kati yao walikuwa wazito kidogo katika kutembea na katika kazi zinazotumia mwili mzima, ilhali katika kazi za vidole walikuwa hodari.

Katika maneno hayo ya Dakta Kanner limo funzo ambalo tutalirudia: mwili wa mtu mwenye usonji waweza kuwa mwepesi katika jambo moja na mzito katika jambo jingine lililo jirani yake.

Hata hivyo, kwa miaka mingi macho ya madaktari yalielekezwa zaidi katika lugha ya mtoto na uhusiano wake na watu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013, ambao hufuatwa katika nchi nyingi, unautaja uzito wa viungo na kutembea kwa ncha za vidole kuwa mambo yanayoandamana na usonji mara nyingi, lakini hauyahesabu miongoni mwa alama za lazima za kuutambua. Basi ni rahisi mzazi afikapo hospitali aulizwe, "Mtoto anasema?", na asiulizwe, "Je, anafunga vifungo?"

Wala si watoto wachache wanaohusika. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2020 nchini Marekani, uliotokana na majibu ya wazazi wa watoto zaidi ya 11,000 wenye usonji, ulionyesha kwamba watoto zaidi ya 8 katika kila 10 walikuwa na dalili za matatizo ya kuratibu viungo vyao. Waliokuwa wakipata tiba ya viungo hawakuzidi theluthi moja. Kama hali ni hiyo katika nchi tajiri, sisi huku hatuna budi kujua mengi zaidi majumbani mwetu.

KAZI ILIYOMO KATIKA TONGE MOJA

Ili tuelewane, tuchukue tendo tulifanyalo kila siku, yaani kula ugali. Vidole humega ugali wa moto kiasi cha kutosha, si kingi wala si haba. Kiganja huufinyanga mpaka ukawa tonge. Kidole gumba hubonyeza katikati na kufanya kishimo. Kisha tonge huchovywa katika mchuzi, likachota mboga, likainuliwa bila kudondoka, na kinywa kikafunguka kwa wakati wake. Sisi hufanya hayo yote huku tukizungumza habari za mpira.

Lakini ubongo hapo umefanya kazi kubwa. Kwanza umepanga hatua zote kwa utaratibu, ya kwanza hadi ya mwisho. Pili umejua kila kiungo kiko wapi bila kukitazama. Hisi hiyo iliyomo katika misuli na maungio ndiyo hutuwezesha kufikisha tonge kinywani hata umeme ukikatika. Tatu umepima nguvu, kwa kuwa tonge likibanwa mno hupasuka na likiachiwa mno huanguka. Nne umepatanisha wakati wa mkono na wakati wa kinywa. Sehemu mojawapo inayoratibu shughuli hizi ni ubongo mdogo ulioko upande wa kisogoni, na wachunguzi wamekuta tofauti katika sehemu hiyo kwa watu wengi wenye usonji. Wengine, tena, huzaliwa na misuli iliyo milegevu, hivyo huchoka upesi hata kwa kukaa wima kitini.

Ikiwa hatua moja tu kati ya hizo imelegalega, matokeo yake tunayaona, ila tunayapa majina mengine. Mtoto abanaye kikombe cha plastiki hata chai ikafoka, tunamwita mkorofi. Aubamizaye mlango kwa kukosa kupima nguvu, tunasema amekasirika. Ashindwaye kutoa miiba ya samaki, tunasema amedekezwa. Atembeaye akigonga kona za meza, tunasema hana adabu. Kijana atoaye mkono wa salamu ukiwa mlegevu kama kitambaa, au kinyume chake akaminya mkono wa mkubwa hata ukauma, huhesabiwa kuwa ana kiburi. Hata kusema ni kazi ya misuli: ulimi, midomo na pumzi hufanya kazi kwa pamoja. Baadhi ya wasioweza kusema wanayafahamu vizuri maneno yanayosemwa mbele yao, ila kinywa hakifuati amri. Kwa hiyo ni vyema tuchunge ndimi zetu tunapowazungumzia wakiwapo.

"MBONA JANA ALIWEZA?"

Sasa tulirudie lile swali. Mtazame dereva anayejifunza gari. Klachi, gia, kioo na breki, vyote hana budi kuvifikiria kimoja kimoja. Barabara ikiwa wazi na mwalimu akiwa mpole, gari huenda vizuri. Mpigie honi kwa nyuma, mwalimu naye amkaripie, gari litazimika njia panda. Hakuna atakayesema kwamba dereva huyo amefanya makusudi kwa kuwa jana aliendesha.

Kwa dereva mzoefu mambo hayo yamekwisha kuwa mazoea ya mwili, hayahitaji tena fikra. Mtu mwenye usonji anaweza kukaa miaka mingi katika hali ya mwanafunzi, si kwa gari, bali kwa kifungo, kijiko, kufuli na kiberiti. Jana alilala vizuri, nyumba ilikuwa kimya, na shati lilikuwa la zamani lenye matundu yaliyolegea. Leo shati ni jipya, redio inaunguruma, na watu watatu wanamhimiza kwa pamoja. Tendo ni lile lile kwa jina, lakini kwa ubongo wake ni kazi nyingine kabisa.

Basi kuweza kwake jana si ushahidi wa uvivu wake leo. Ni ushahidi wa bidii aliyoitumia jana, ambayo sisi hatukuiona. Hali kadhalika, mtoto awezaye kufungua redio mbovu na kuirudisha kila skrubu mahali pake, kisha akashindwa kufunga kamba za viatu, hatudanganyi. Redio ameifungua mara nyingi, kwa kupenda kwake, bila kusimamiwa na saa.

SHULENI

Darasani taabu hii huonekana kwanza katika mwandiko. Kunakili maneno ya ubaoni kunataka jicho litazame mbali, akili ishike maneno, jicho lirudi katika daftari, na mkono uchore herufi ndani ya mstari. Mtoto wa namna hii huenda anajua hesabu yote, lakini kengele ikilia ameandika swali moja tu, nalo halisomeki. Akichapwa, mkono ule ule uliokuwa mzito sasa unatetemeka. Kiboko hakiwezi kuuonyesha ubongo mahali kidole kilipo.

Mwalimu mwenye darasa lililojaa hana nafasi ya kumfundisha mmoja peke yake, na hilo tunalielewa. Hata hivyo yapo mambo yasiyo na gharama. Mtoto akae kwenye benchi ambalo miguu yake inafika chini, kwa maana miguu ikining'inia mkono hauna nguzo. Apewe maswali matano badala ya kumi, yakitosha kuonyesha kwamba ameelewa. Aruhusiwe kujibu kwa mdomo. Apunguziwe kunakili ubaoni, mwenzake amwazime daftari. Penseli fupi na nene hushikika vizuri zaidi kuliko kalamu nyembamba inayoteleza.

Katika michezo, asiwe kila siku ndiye wa mwisho kuchaguliwa. Mpira unaokuja kwa kasi kutoka kwa mtu mwingine ni mgumu kwake, lakini kukimbia, kuogelea, kupanda na kucheza kwa hatua zilizozoeleka vyaweza kumfaa, kwa kuwa hapo yeye ndiye mwenye kupanga mwendo.

NAMNA YA KUMFUNDISHA NYUMBANI

Wazazi wengi hukata shauri moja kati ya mawili: ama kumkaripia, ama kumfanyia kila kitu. Yote mawili yana hasara, na la pili lina hasara iliyojificha. Mtoto anayevishwa, kuogeshwa na kusafishwa chooni hadi umri wa miaka 15 huzoea kuguswa na yeyote atakayekuja. Siku mtu mwovu akija, hatajua kwamba amekosewa. Kujiosha, kuvaa na, kwa msichana, kujihudumia siku za hedhi, ni utu wake na pia ni ngao yake. Ndiyo sababu inafaa tujitahidi kumfundisha, japo itachukua miaka.

Njia mojawapo iliyo nzuri ni kuanzia mwisho. Ukifundisha kifungo, wewe mzazi kipitishe kifungo katika tundu hadi nusu, kisha mwache mtoto akivute tu kimalize. Kazi imekwisha, naye ndiye aliyeimaliza. Akizoea, wewe kisukume kidogo tu, yeye afanye zaidi. Hatimaye atakifanya chote. Ukianzia mwanzo, yeye hukutana kwanza na sehemu ngumu kuliko zote, na wewe ndiye unayemaliza. Hivyo kila siku huonja kushindwa.

Simama ubavuni mwake au nyuma yake, usimkabili uso kwa uso, kwa kuwa mkono wako wa kulia ukiwa mbele yake huonekana upande wake wa kushoto. Kabla ya kumshika mkono, mwambie au mwonyeshe kwamba utamshika, maana wengine huumizwa na mguso wa ghafla. Maneno yawe machache: "Shika. Vuta. Basi." Hotuba ndefu huipokonya mikono ile fikra inayoihitaji. Ukiweza, chora hatua kwenye karatasi na uibandike ukutani.

Chagua saa yenye utulivu. Asubuhi ya siku ya shule si saa ya kufundisha. Hiyo ni saa ya kumsaidia kwa upole ili awahi. Jioni baada ya kuoga, au Jumapili nyumba ikiwa imetulia, dakika tano zatosha. Jambo liwe moja, lirudiwe kila siku mahali pale pale na kwa kifaa kile kile. Haba na haba hujaza kibaba.

Aidha, usione haya kubadili kifaa. Kaptura yenye mpira kiunoni haina kasoro. Viatu visivyo na kamba humfikisha mtoto shuleni sawasawa na vyenye kamba. Kikombe kizito chenye mshikio mkubwa, kikijazwa nusu, hakimwagiki ovyo. Sahani iwekwe juu ya kitambaa kibichi isiteleze. Kijiko kitumike badala ya mkono, na mgeni asiulize kwa nini. Mambo ya moto, kama kumimina chai ya chupa au kuwasha jiko, yangoje hadi mkono uwe umeyazoea kwa maji baridi.

WATU WAZIMA NAO

Tusidhani kwamba taabu hii huisha mtu akiota ndevu. Wapo wafanyakazi wazima wenye usonji, wengine hawajawahi kuambiwa jina la hali yao, ambao tangu utotoni wamefahamika kwa jina la "mzembe". Sahihi yao haifanani mara mbili, nayo huwaletea mashaka benki. Hukwama mlangoni mwa daladala kwa kuwa kondakta anapiga kelele, basi limeanza kusogea, na mguu haujui uanze upi. Wakishika glasi mbele ya wageni, macho yao yote huwa kwenye glasi, nasi tunaona hawatusikilizi. Ifikapo jioni huwa wamechoka kuliko wenzao waliofanya kazi ile ile, kwa kuwa wao wamefanya kazi mbili: ya kiwandani, na ya kuusimamia mwili.

Msimamizi wa kazi na amwonyeshe mtu huyo jambo kwa vitendo, polepole, kisha amwachie nafasi ya kulirudia bila watazamaji. Zana zikae mahali pamoja siku zote. Wengi wakishalizoea jambo hulifanya kwa uangalifu mkubwa. Hapa Tanzania ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayokataza ubaguzi na kumtaka mwajiri aweke mazingira yanayomfaa mfanyakazi. Lakini kabla ya sheria kufika, mwenzako wa zamu aweza kuacha kumcheka.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Si kila uzito wa viungo ni usonji, wala si kila jambo lingojewe. Mtoto aliyekwisha kuweza kutembea, kusema au kushika vitu, kisha akapoteza uwezo huo, apelekwe hospitali mara moja. Hali kadhalika mtoto ambaye upande mmoja wa mwili ni dhaifu kuliko mwingine, mwenye degedege, au anayeanguka mara kwa mara bila sababu. Mtoto aendeleaye kutembea kwa ncha za vidole naye aonwe, kwani mshipa wa nyuma ya kifundo waweza kukaza na kufupika. Kijana mwenye usonji ambaye ghafla anakuwa mzito kuliko kawaida yake, akaganda katikati ya tendo au akaacha kula, asidhaniwe kuwa anadeka; hiyo ni hali inayotibika na inataka daktari.

Ukifika huko, uliza habari za tiba kwa vitendo. Wataalamu wa fani hii kazi yao hasa ndiyo hii ya kumwezesha mtu kula, kuvaa, kuandika na kufanya kazi. Wapo katika hospitali kubwa kama Muhimbili, na kule Moshi hospitali ya KCMC inayo shule inayowafundisha. Si wengi kwa kadiri ya mahitaji yetu, kwa hiyo ukimpata mmoja, mwombe akufundishe wewe mzazi mambo ya kufanya nyumbani. Nenda na maelezo yako: andika katika karatasi ni kazi zipi mtoto anaziweza, zipi hazimudu, na ni saa ngapi za siku humshinda zaidi. Karatasi hiyo itamsaidia mtaalamu kuliko kumwambia tu kwamba mtoto ni mzito.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani mwako yumo mtu wa namna hii, nakuomba wiki hii uchague jambo moja tu, liwe kifungo, liwe kijiko, liwe kufuli la mlango. Litazame hatua kwa hatua ujue ni wapi hasa anapokwama. Kisha anza na hatua ya mwisho, na ukae kimya wakati mikono yake inapofanya kazi.

Hadi Jumapili ijayo.